Makaburi ya Wanasiasa Kaunti ya Siaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya ni wanafunzi wanaoandika insha za historia, watu wa ughaibuni wanaokuja likizo ya Desemba, waandishi wa habari wanaokimbizana na saa, na wajukuu wanaotaka kujua babu alilazwa wapi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine ni mistari michache tu.

Je, Siaya kuna makaburi ya pamoja ya viongozi, mahali ninapoweza kwenda nikayaona yote?

Hapana. Zunguka kutoka Ugenya hadi Rarieda, hutakuta uwanja uliotengewa mashujaa. Mjaluo huzikwa nyumbani, kwenye dala, yaani boma alilolijenga mwenyewe au la baba yake. Uwe waziri, uwe mvuvi wa Usenge, desturi ni ile ile. Ndiyo maana makaburi ya wanasiasa yametawanyika katika maeneo bunge sita ya kaunti, yaani Gem, Ugunja, Ugenya, Alego Usonga, Bondo na Rarieda, na mengi yako ndani ya ua, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Kabla ya kufunga safari lishike hilo kwanza: unakwenda nyumbani kwa watu, na watu hao wanaishi hapo.

Siaya si ya ajabu katika hili. Kati ya marais wa Kenya waliofariki, ni Jomo Kenyatta peke yake aliyezikwa jijini, kwenye jumba lililo katika viwanja vya Bunge, Agosti 1978. Daniel arap Moi alizikwa Kabarak mwaka 2020, na Mwai Kibaki akazikwa Othaya mwaka 2022. Nchi hii huwapeleka wakubwa wake kijijini.

Kang'o ka Jaramogi ni wapi, na ni nani wamelala hapo?

Ni boma la familia ya Odinga katika kijiji cha Nyamira, karibu na mji wa Bondo. Ndilo kaburi linaloulizwa kuliko yote katika kaunti, na tangu Oktoba 2025 wageni hawakatiki.

Aliyelipa jina ni Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya. Alishika cheo hicho mwaka 1964, akajiuzulu mwaka 1966 baada ya kutofautiana na Kenyatta, akaunda chama cha upinzani cha KPU (Kenya People's Union). Oktoba 1969, baada ya vurugu na risasi za Kisumu wakati wa kufunguliwa kwa hospitali mpya, ile ambayo watu wa Kisumu hadi leo huiita Russia, KPU ilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Alirudi kwenye ulingo akiwa mzee vyama vingi viliporudishwa, akachaguliwa mbunge wa Bondo kwa tiketi ya Ford-Kenya, na alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994. Kaburi lake limejengewa jumba, na mgeni huoneshwa picha na vitu vya maisha yake.

Katika boma hilo hilo amelala Mary Ajuma, mkewe Jaramogi na mama yake Raila, aliyefariki mwaka 1984. Fidel Odinga, mwana wa Raila, alizikwa hapo Januari 2015. Na tarehe 19 Oktoba 2025 akazikwa Raila Amolo Odinga mwenyewe, waziri mkuu wa Kenya kati ya 2008 na 2013, aliyefariki siku nne kabla akiwa kwenye matibabu katika jimbo la Kerala, India.

Kwa nini Raila hakuzikwa Opoda, alikokuwa na boma lake mwenyewe?

Swali hili liliulizwa sana wiki ile ya mazishi, na wanaoliuliza hawakosei. Kwa desturi mwanamume aliyekwisha kufungua boma lake huzikwa ndani ya boma hilo. Harudishwi kwa baba yake kana kwamba hakuwahi kuhama. Raila alikuwa na Opoda, si mbali na Bondo mjini, na jeneza lake lilipelekwa huko kwanza kabla ya ibada ya mazishi katika Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga. Kutoka hapo akapelekwa Kang'o.

Kwangu mimi uamuzi huo una mantiki yake. Kang'o ndiko aliko baba, aliko mama, na aliko mwana aliyemtangulia. Mama yake alifariki Raila akiwa kizuizini, na habari zilimfikia kwa kuchelewa, hakupata kumzika. Mwana kulala karibu na mama ambaye hakuruhusiwa kumsindikiza ni jambo ambalo hata mzee mkali wa mila analielewa. Tena desturi ya Wajaluo haijawahi kuwa sheria ya chuma: kila mazishi makubwa huwa na kikao cha wazee, na kikao huwepo kwa sababu kuna jambo la kujadili.

Mbona Raila alizikwa haraka hivyo? Mazishi ya viongozi si huchukua wiki mbili tatu?

Familia ilisema aliagiza azikwe ndani ya saa 72. Haikutimia kwa saa kamili, kwa kuwa alifia mbali na ratiba ilikuwa ndefu: mwili ulifika Nairobi tarehe 16, ukapelekwa Kasarani, kesho yake ikawa ibada ya kitaifa uwanja wa Nyayo, tarehe 18 watu wakamuaga Mamboleo, Kisumu, na tarehe 19 ndiyo siku ya Bondo, ambako Askofu David Kodia wa Dayosisi ya Anglikana ya Bondo alikuwa miongoni mwa viongozi wa ibada. Kwa kiongozi wa kiwango chake, siku nne ni haraka mno. Umati ulikuwa mkubwa kupita uwezo wa polisi, na Kasarani watu walipigwa risasi na kupoteza maisha. Hilo lisisahauliwe na anayeandika historia ya mazishi haya.

Lakini Raila hakuwa wa kwanza Siaya kuukata mfululizo wa matanga marefu. Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi aliyefariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, alizikwa nyumbani kwake Ng'iya, Alego, tarehe 21, na kwa matakwa yake akazikwa bila jeneza. Ogolla alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo hana nafasi katika orodha ya wanasiasa, ila mazishi yake yaliwashtua wengi na kuwafanya wafikiri. Familia nyingi za kawaida huku hubaki na madeni baada ya matanga: mochari inadai, hema na viti vya kukodi vinadai, ng'ombe amechinjwa wa kwanza na wa pili, na wageni bado wanakula. Mtu mkubwa anapokubali kuzikwa upesi, maskini naye anapata ujasiri wa kufanya hivyo bila kuonekana amemdharau marehemu wake. Mimi naunga mkono kabisa.

Tero buru ni nini, na kwa nini huonekana kwenye mazishi ya wanasiasa?

Ni desturi ya kukifukuza kifo. Wanaume hukusanya ng'ombe wa boma na wa majirani, huwaswaga kwa kasi hadi nje ya kijiji, zamani hadi mpakani ambako vita vilipiganwa, kisha huwarudisha mbio mpaka kwenye ua wa marehemu. Ukisimama langoni utaona vumbi kwanza kabla ya kuona ng'ombe. Halafu yanatokea madume yaliyofungwa majani na vitambaa pembeni mwa pembe, vijana wameshika matawi, rungu na mikuki, wengine wamejipaka udongo usoni, mmoja anapuliza pembe ndefu iitwayo abu, na kila anayefika mbele ya nyumba anatamka sifa za marehemu kana kwamba anazungumza naye.

Hufanyiwa mwanamume mzima, hasa mzee mwenye heshima. Ilifanyika kwa Jaramogi, na ilifanyika kwa Raila, wachungaji wakiswaga mifugo kuelekea Bondo. Kwa mwanasiasa huwa na uzito wa ziada, maana wanaokuja na ng'ombe si ukoo wake peke yake. Baadhi ya makanisa hayaipendi. Familia nyingi huachia desturi asubuhi na ibada mchana, na mambo yanakwenda.

Achieng Oneko amezikwa wapi?

Kijijini Kunya, Rarieda, nyumbani alikofia tarehe 9 Juni 2007. Nashukuru kila mtu anayeuliza swali hili, kwa sababu hawaulizi wengi.

Ramogi Achieng Oneko alikuwa mmoja wa wale sita wa Kapenguria. Alikamatwa pamoja na Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai na Paul Ngei usiku wa Oktoba 1952. Walihukumiwa Kapenguria kwa madai ya kuongoza Mau Mau. Rufaa ilimsafisha Oneko, lakini serikali ya kikoloni ikaendelea kumweka kizuizini hata hivyo, mpaka mwaka 1961. Uhuru ulipopatikana akawa waziri wa habari. Mwaka 1966 aliacha uwaziri akamfuata Jaramogi KPU, na mwaka 1969 serikali ya Kenyatta, mtu aliyefungwa naye jangwani, ikamfunga tena. Alitoka mwaka 1975. Hakukata tamaa na siasa: mwaka 1992 watu wa Rarieda walimchagua kuwa mbunge wao. Alipofariki alikuwa wa mwisho kati ya wale sita.

Mtu aliyefungwa na Mwingereza kwa kudai uhuru, kisha akafungwa na serikali huru kwa kudai haki, anastahili kibao barabarani chenye jina lake kinachoelekeza kaburini. Shule za Rarieda zingeweza kuwapeleka watoto pale kila Mashujaa Dei bila gharama yoyote kubwa. Wapo wanafunzi wa kidato cha nne wanaoweza kuwataja wale sita wote kwa mpangilio wasijue kwamba mmoja wao amelala kwenye njia wanayopita na boda boda.

Na Argwings-Kodhek?

Alizikwa kwao Gem. Chiedo More Gem Argwings-Kodhek ni miongoni mwa mawakili Waafrika wa mwanzo kabisa Kenya, mtu aliyewatetea mahakamani washukiwa wa Mau Mau wakati ambapo kuwatetea kulikuwa kujitia hatarini. Mwaka 1963 alichaguliwa mbunge wa Gem, na alikuwa waziri alipofariki katika kile kilichotangazwa kuwa ajali ya gari Nairobi, tarehe 29 Januari 1969. Barabara aliyopatia ajali, iliyoitwa Hurlingham, sasa ina jina lake. Wanaoipita kila asubuhi kwenda kazini wanalijua jina hilo kama jina la foleni ya magari.

Kifo chake kilifungua mwaka mbaya. Uchaguzi mdogo wa Gem ulichukuliwa na KPU, kupitia Wasonga Sijeyo. Julai waziri Tom Mboya akauawa. Oktoba Kisumu ikamwaga damu, na upinzani ukafungiwa mlango. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wa Siaya hupiga kura wanavyopiga, anza na mwaka 1969, na anza na kaburi hili la Gem.

Gem ina wanasiasa wengine waliozikwa hapo?

Wako wengi, Gem imekuwa na shule mapema na siasa mapema. Wa karibuni anayejulikana zaidi ni Jakoyo Midiwo, mbunge kuanzia 2002 hadi 2017, binamu yake Raila, aliyefariki Juni 2021 na kuzikwa nyumbani kwake huko huko Gem.

Tom Mboya na Robert Ouko mbona hawamo?

Kwa sababu hawako Siaya. Watu wa nje huchanganya eneo lote la Wajaluo kuwa kaunti moja, lakini ni kaunti nne.

Mboya, aliyepigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue, Nairobi, amezikwa kisiwani Rusinga, Kaunti ya Homa Bay. Jumba la kaburi lake limejengwa kwa umbo la risasi, na ndani kuna vitu alivyotumia. Ni kaburi linalostahili safari, na kutoka Siaya si mbali kama unavyodhani: feri inayotoka Luanda Kotieno, Rarieda, huvuka ziwa hadi Mbita, na Rusinga iko pale pale, imeunganishwa na nchi kavu. Anayeamka mapema anaweza kutoka Kunya kwa Oneko na kufika Rusinga kwa Mboya siku hiyo hiyo.

Ouko, waziri wa mambo ya nje aliyeuawa Februari 1990, mwili wake ukapatikana kwenye kilima cha Got Alila, amezikwa kwenye shamba lake Koru, Kaunti ya Kisumu. Alizaliwa Nyahera, nayo iko Kisumu.

Baba yake Barack Obama anahesabiwa?

Barack Obama mkubwa amezikwa Nyang'oma Kogelo, Alego, kando ya baba yake, Hussein Onyango Obama. Barack huyo alifariki katika ajali ya barabarani Nairobi Novemba 1982. Hakuwahi kugombea kiti, alikuwa mchumi wa serikali, hivyo kwa kipimo cha kawaida si mwanasiasa.

Hata hivyo simwachi nje. Mwaka 1965 serikali ilipotoa waraka wake mkubwa wa sera kuhusu ujamaa wa Kiafrika, yeye aliandika makala kwenye jarida akiukosoa waziwazi, akihoji nani hasa atanufaika na uchumi ule na ardhi ile. Mtu kuikosoa serikali kwa jina lake mwenyewe, miaka miwili tu baada ya uhuru, ni siasa. Wageni wengi wanaokuja Kogelo huja kwa sababu ya mwanawe. Nawaomba wakifika wamkumbuke pia yeye kwa alichoandika.

Mama Sarah Obama, mke wa Hussein Onyango, naye alizikwa Kogelo, tarehe 30 Machi 2021, siku moja baada ya kufariki, kwa taratibu za Kiislamu. Familia hiyo ni Waislamu na Wakristo chini ya paa moja, na Siaya imelizoea jambo hilo kuliko wanavyofikiri watu wa mbali.

Nimesikia kuhusu kesi ya S.M. Otieno. Inahusiana vipi na makaburi ya wanasiasa?

Silvano Melea Otieno alikuwa wakili wa Nairobi, hakuwa mwanasiasa. Lakini hakuna familia ya kiongozi Kenya inayokaa kikao cha mazishi bila kivuli cha kesi yake kuwamo chumbani.

Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu, mpigania uhuru na mwanasiasa kwa haki yake mwenyewe, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong, akisema ndivyo marehemu alivyotaka. Ndugu wa marehemu, Joash Ochieng Ougo, na ukoo wa Umira Kager walisema hapana, mwana wa ukoo anarudi Siaya, Nyalgunga. Wambui alitetewa na John Khaminwa, ukoo ukatetewa na Richard Kwach. Redio na magazeti yaliifuata kesi kila siku. Watu walibishana ndani ya matatu. Mwanafalsafa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa ushahidi juu ya mila, na mchimba makaburi naye alitoa wake. Februari 1987 Jaji Bosire aliupa ukoo ushindi, Mei Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye, na tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano baada ya kufariki, Otieno akazikwa Nyamila, Nyalgunga. Wambui hakuhudhuria.

Hoja iliyobeba kesi ilikuwa hii: Otieno alikuwa na nyumba Nairobi na Matasia, lakini hakuwahi kufunguliwa boma kwa desturi huko, na mtu asiye na boma anarudi kwenye ardhi ya baba yake. Mahakama ilishikilia kwamba sheria ya kimila ya Wajaluo ndiyo inayomhusu, hata kama aliishi maisha ya mjini na kumwoa mke wa kabila jingine. Tena matakwa ya marehemu juu ya mazishi yake hayaifungi mahakama, kwa kuwa mwili wa mtu si mali ya kurithisha.

Kesi zilizofuata zimelegea kidogo. Majaji wa miaka ya karibuni hutazama pia ni nani aliyeishi na marehemu na kumtunza, na wosia wake husikilizwa kwa uzito zaidi. Nadhani hilo ni sawa. Wambui aliishi na mtu yule zaidi ya miaka ishirini, akamzalia watoto, halafu akaambiwa uamuzi si wake. Ninaiheshimu desturi ya kurudi nyumbani, nimeieleza hapa kwa upendo, lakini desturi inayomnyamazisha mjane inahitaji kurekebishwa na wenyewe kabla ya kurekebishwa na mahakama.

Mwanamke mwanasiasa huzikwa wapi?

Kwa desturi, aliyeolewa huzikwa kwa mumewe, upande wa kushoto wa nyumba yake, na mume upande wa kulia. Aliyezaliwa Gem akaolewa Ugenya, mtafute Ugenya. Jambo hili huwapoteza watafiti wengi, kwa kuwa wanaanzia kijiji cha kuzaliwa. Ambaye hakuolewa au aliyeachana na mumewe ndiye mwenye utata: zamani alizikwa nje ya ua wa baba yake, au pembezoni. Siku hizi familia nyingi zimeacha kufanya hivyo, tena vizuri, na binti huzikwa ndani ya boma kama mtoto mwingine yeyote.

Naweza kuzuru kaburi bila kumjulisha mtu?

Kang'o ka Jaramogi imezoea wageni na kuna watu wa kukupokea na walinzi. Kwingine kote, usifanye hivyo.

Utaratibu unaofaa ni kuanza kwa mzee wa kijiji au chifu msaidizi, umweleze wewe ni nani na unatafuta nini. Atapiga simu, au atapanda boda boda akupeleke mwenyewe. Ukifika langoni, piga hodi, subiri ujibiwe. Utaletewa kiti cha plastiki chini ya mwembe na maji ya kunywa, na pengine chai. Kaa. Usiulize kaburi kabla ya salamu kuisha. Mwenye nyumba akisimama mwenyewe na kusema twende, ndipo unakwenda, naye akiwa mbele. Kaburi lenyewe mara nyingi ni saruji iliyopigwa vigae, juu kuna paa dogo la mabati, msalaba au bamba lenye jina na tarehe mbili, na kuku wanapita. Usilikanyage wala usilikalie. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukiruhusiwa kulipiga kaburi, hujaruhusiwa kuwapiga watoto waliosimama kando. Ndege za kamera acha nyumbani.

Si lazima kutoa pesa. Lakini kumwachia mama wa nyumba sukari au majani ya chai ni adabu ya Siaya tangu zamani, na haina uhusiano na siasa.

Nitafikaje?

Kutoka Kisumu shika barabara ya Busia hadi Kisian, kata kushoto kuelekea Bondo. Bondo ni kama kilomita 60 kutoka Kisumu, lami mpaka mjini. Ukiwa unaenda Kogelo, toka kwenye barabara hiyo pale Ndori, fuata lami iendayo Ng'iya. Rarieda pia unaingilia Ndori, upande wa pili kuelekea ziwani. Gem unaipata kwa urahisi kupitia Yala. Kuanzia Machi hadi Mei mvua huwa nyingi, na barabara za murram zinazoingia vijijini huteleza. Gari dogo litakwama.

Tanzia ya zamani inasema marehemu alizikwa "Central Nyanza" au "Wilaya ya Bondo". Hiyo ni Siaya?

Wilaya ya Bondo, ndiyo, sasa ni sehemu ya Kaunti ya Siaya. Central Nyanza ilikuwa kubwa zaidi, ilijumuisha Siaya na Kisumu za leo, kwa hiyo itabidi utafute jina la lokesheni au kijiji. Kaunti zimetokana na Katiba ya 2010 na zilianza kazi 2013. Kilichoandikwa kabla ya hapo kwa kawaida hutaja wilaya, si Kaunti ya Siaya.

Shamba lenye kaburi la kiongozi likiuzwa, kaburi linakuwaje?

Linabaki pale pale. Kuufukua mwili kunahitaji idhini ya kisheria, na familia nyingi za Wajaluo hazitaki hata kusikia. Kwa kawaida ukoo hukataa kuuza sehemu yenye makaburi, na mnunuzi mwenye akili huikwepa. Tishio kubwa si kuuzwa. Ni boma kuhamwa. Watoto wako Nairobi au Marekani, mjane amefariki, nyumba imeanguka, lantana imefunika, na boma limegeuka gunda, mahame. Bamba la jina likivunjika hapo, kaburi la aliyekuwa diwani au mbunge linakuwa tuta la udongo kama matuta mengine, na mtu pekee anayelijua ni jirani mwenye miaka themanini.

Ninajua kaburi la mwanasiasa ambalo halitajwi popote. Nirekodi nini?

Andika jina lote kama lilivyo kwenye bamba, hata kama unadhani limekosewa, pamoja na tarehe zote mbili. Andika kijiji, kata ndogo, wadi na eneo bunge, na jina la boma kama lina jina lake, kwa sababu vijiji hubadilishwa majina lakini boma huitwa kwa mwenyewe. Uliza alishika cheo gani na miaka ipi, kisha ulinganishe na gazeti rasmi la serikali au kumbukumbu za Bunge, maana familia humkumbuka kila diwani kuwa mbunge. Ikiwa alikuwa na wake zaidi ya mmoja, uliza yuko upande wa nyumba ya nani. Uliza pia kama mwili ulihamishwa kutoka mahali pengine.

Anza na wazee, bamba litasubiri. Ukipata ruhusa warekodi wakizungumza kwa Dholuo, bila kuwakatiza wapate kukutafsiria. Tafsiri itafanywa baadaye. Na kabla ya kulitangaza jina popote, rudi kwa familia uwasomee ulichoandika. Wakisema jambo fulani lisitoke, lisitoke.